Altiplano na Katanga: tropiki moja, mvua za miezi ile ile, mbona kwao kuna jalidi na chumvi?

Swali limetoka kwa mwalimu wa sekondari, Lubumbashi:

"Ninafundisha jiografia. Katika somo la nyanda za juu tumefika Altiplano ya Bolivia, na wanafunzi wamenibana. Wanasema: na sisi tuko juu ya uwanda, na sisi tuko tropiki, mvua yetu inanyesha miezi ile ile kama yao. Mbona kwao ni baridi, ukavu na chumvi, na kwetu ni miombo na mito? Mmoja akaongeza: uwanda wetu wa Kundelungu ukiinuliwa mpaka mita 4,000, utakuwa Altiplano? Kitabu kinajibu 'kwa sababu ya mwinuko', basi. Niwaambie nini?"

Mwalimu, kitabu hakikukosea, kimeishia njiani tu. Mwinuko unaeleza baridi, na hata hiyo hauielezi yote. Ukavu una sababu nyingine, na chumvi ina sababu ya tatu ambayo haihusiani na baridi hata kidogo. Mwanafunzi akizichanganya tatu hizi atashindwa kueleza kwa nini nyanda za juu za Ethiopia ni za kijani, au kwa nini Rwenzori imejaa tope. Nitapita haraka kwenye baridi, halafu tukae zaidi kwenye maji, maana somo lenyewe liko huko.

Kwanza mahali penyewe. Altiplano ni uwanda wa juu wa pili kwa ukubwa duniani baada ya Tibet. Sehemu kubwa iko Bolivia, kaskazini unaingia Peru, na pembe zake zinagusa Chile na Argentina. Wastani wa kimo chake ni karibu mita 3,800. Upande wa magharibi umezuiwa na safu ya volkano, na humo mna Sajama yenye mita 6,542, mlima mrefu kuliko yote ya Bolivia. Upande wa mashariki kuna safu nyingine, ile yenye Illimani, mita 6,438. Katikati ya safu hizo mbili ardhi imelala. Ziwa Titicaca liko kaskazini kwenye mita 3,812, Ziwa Poopó katikati kwenye mita 3,686, na jangwa la chumvi la Uyuni kusini kwenye mita 3,656. Waandikie wanafunzi namba hizo tatu ubaoni zikifuatana, na zisifutwe, tutazirudia.

Chanzo cha uwanda huu ni bamba la Nazca, kipande cha ganda la dunia kilicho chini ya Pasifiki, linaloingia chini ya bara la Amerika ya Kusini. Ganda la dunia lililo juu yake limebanwa likakunjamana hadi kufikia unene wa karibu kilomita 70, wakati unene wa kawaida chini ya bara ni kilomita 35 hadi 40. Safu mbili zikapanda, na katikati yake pakabaki bonde refu. Mchanga, majivu ya volkano na tope la maziwa ya kale vikalijaza bonde hilo mpaka likasawazika. Kwa hiyo Altiplano ni bonde lililojazwa ndani ya milima. Katanga ni kinyume chake. Yetu ni miamba ya kale sana iliyoinuliwa kwa pamoja, ikalimwa na mmomonyoko ikawa tambarare, kisha mito ikaanza kuitafuna kutoka pembeni: Luapula upande mmoja, Lufira na bonde la Upemba upande mwingine. Uwanda wao una kuta pembeni, wetu una kingo zinazomwagika. Mwanafunzi akilishika hilo, nusu ya jibu anayo.

Sasa baridi. Kanuni ya darasani ni kwamba joto hushuka nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000. Waache wanafunzi wapige hesabu. Lubumbashi iko kwenye mita 1,230 hivi, na wastani wake wa mwaka ni karibu nyuzi 20. Oruro, mji wa madini wa Altiplano, uko kwenye mita 3,700. Tofauti ni mita 2,470, yaani nyuzi 16. Toa 16 kwenye 20, unabaki na 4. Lakini Oruro halisi wastani wake ni nyuzi 9 au 10. Hesabu imekosea kwa nyuzi 5 au 6, na hapa walimu wengi hufuta ubao haraka. Usifute. Kanuni ya 6.5 inafaa kwa hewa iliyo huru au kwa mlima mmoja uliosimama peke yake. Uwanda wenye upana wa kilomita mia na zaidi hauko hivyo, kwani jua linapiga ardhi kwenye kimo kile kile, ardhi inapata moto, na hewa iliyo juu yake inapashwa kutoka chini, kama jiko lililopandishwa juu ya meza. Ndiyo maana watu wanaishi, wanalima na kuchunga kwenye mita 4,000 huko Bolivia, wakati mlima mwembamba wa kimo hicho hicho ungekuwa mgumu zaidi kukalika.

Tena wastani wa mwaka unaficha mambo. Baridi ya Altiplano ni ya usiku. Mwezi wa sita na wa saba pale Uyuni mchana ni nyuzi kumi na kitu, jua linachoma ngozi, na usiku huo huo joto linashuka chini ya −10. Tofauti kati ya mchana na usiku kwa siku moja inazidi kabisa tofauti kati ya mwezi wa joto na mwezi wa baridi. Hiyo ni alama ya tropiki ya juu, na ndiyo inayoitofautisha na baridi ya Ulaya.

Sababu yake ni mvuke. Karibu nusu ya mvuke wote wa angahewa iko chini ya kilomita 2 za kwanza kutoka usawa wa bahari. Anayekaa kwenye mita 3,800 ameshauacha chini yake. Mvuke ndio unaozuia joto la ardhi lisitoroke usiku, kwa hiyo ukikosekana, joto lote la mchana linapaa moja kwa moja. Wanafunzi wako wanaijua hali hii kwa kipimo kidogo. Lubumbashi mwezi wa saba, anga likiwa jeupe bila wingu, alfajiri inauma kuliko usiku wa mwezi wa kwanza wenye mawingu, ingawa hakuna aliyehamisha mji. Hewa kavu ya Altiplano ni kali kiasi kwamba wanaastronomia walijenga darubini kubwa za ALMA jirani na hapo, kwenye uwanda wa Chajnantor nchini Chile, karibu mita 5,000, kwa sababu mvuke mdogo unaruhusu mawimbi ya redio ya urefu mfupi kupita.

Kuna kosa dogo la kurekebisha hapa, maana lazima mtoto mmoja atalisema: "kule juu oksijeni ni kidogo." Sehemu ya oksijeni haibadiliki, ni asilimia 21 Moanda pwani, Lubumbashi na La Paz. Kinachopungua ni kanieneo. Lubumbashi ina karibu hektopaskali 880, Altiplano ina karibu 640. Kila pumzi inaingiza hewa ile ile, ila kidogo zaidi. Kwa kanieneo hiyo maji yanachemka kwenye nyuzi 87 au 88 hivi badala ya 96 za kwetu, na maharagi yanakaa motoni mpaka makala yaishe bila kulainika, isipokuwa uwe na sufuria ya presha. Watoto wa Katuba na Kenya, mitaa ya Lubumbashi, wanaonunua makala kwa ndoo wataelewa mara moja. Na miale ya urujuanimno inaongezeka kwa asilimia 10 hadi 12 kwa kila mita 1,000, ndiyo maana mashavu ya wachungaji wa huko yamebabuka hata siku ya baridi.

Ukitaka kuonyesha hali ya hewa hiyo kwa kitu kimoja kinachoshikika, chukua viazi. Wenyeji wa Altiplano, Waaymara na Waquechua, wanatengeneza chuño, kiazi kilichokaushwa ambacho kinadumu miaka. Kazi inafanywa mwezi wa sita na wa saba tu, na inahitaji vitu viwili vinavyopatikana pamoja mahali pachache duniani: jalidi ya uhakika usiku na jua kali kavu mchana. Viazi vidogo vinatandazwa juu ya majani makavu kwenye uwanja ulio sawa, tabaka moja tu, visipandane. Usiku vinaganda mpaka ndani, na barafu inapasua chembechembe za kiazi. Mchana vinayeyuka. Baada ya usiku watatu hivi wa namna hiyo vinakuwa vilaini kama sifongo, na hapo watu wanavikanyaga kwa miguu mitupu ili maji yatoke na maganda yachubuke. Kisha vinaachwa juani siku kadhaa mpaka vinakuwa vyepesi na vigumu kama kokoto. Kuna aina nyeupe, tunta, ambayo baada ya kuganda inalowekwa mtoni kwa wiki kadhaa kabla ya kukaushwa. Wanaojua kuloweka mihogo na kuianika hawatashangaa, maana maji ya mto yanaondoa uchungu wa kiazi sawa na yanavyofanya kwa mihogo. Kinachoharibu chuño kinafundisha pia. Wingu likitanda usiku, jalidi haiji, kiazi kinaganda juu tu na kuoza ndani. Ukitandaza tabaka mbili, ya chini haigandi. Na usiku ukiwa na upepo, hewa inachanganyika na baridi haikai ardhini, ndiyo maana uwanja unachaguliwa bondeni palipotulia ambapo hewa nzito ya baridi inatiririkia, kama inavyotiririkia kwenye madembo yetu, yale mabonde tambarare ya majani.

Twende kwenye ukavu. Upande wa magharibi kuna bahari ya Pasifiki, lakini bahari hiyo haitoi mvua. Mkondo wa Humboldt unapitisha maji baridi kando ya pwani, hewa iliyo juu yake inapoa, na mgandamizo mkubwa wa hewa wa kudumu unaishikilia chini. Unyevu wa bahari unabaki kama ukungu chini ya takriban mita 1,000, na hauwezi kupanda ukuta wa milima. Matokeo yake ni Atacama, jangwa kavu kuliko yote nje ya maeneo ya ncha za dunia. Kwa hiyo mlango wa magharibi umefungwa.

Mlango wa mashariki uko wazi nusu. Karibu mvua yote ya Altiplano ni maji ya Amazon. Pepo zinabeba unyevu kutoka msituni, zinagonga safu ya mashariki, zinapanda, zinapoa, na mvua inanyesha hapo hapo kwenye mteremko. Eneo la Chapare, chini ya milima upande wa Amazon, lina mahali panapopata zaidi ya milimita 4,000 kwa mwaka. Kinachovuka kilele ni mabaki. Na mabaki hayo yanaingia kwenye hewa ya baridi isiyo na nafasi ya kubeba maji mengi. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 20 inaweza kushika karibu gramu 17 za mvuke, ile yenye nyuzi 0 haishiki hata 5.

Hapo ndipo majira yanapofanana na yetu, na wanafunzi wako waliona vizuri. Kuanzia mwezi wa kumi na mbili hadi wa tatu jua liko kusini, ardhi ya Altiplano inapata moto, na juu kabisa ya angahewa kunajengeka mgandamizo mkubwa ambao wataalamu wa hali ya hewa wanauita wa Bolivia. Ukingo wake wa kaskazini unavuta pepo za juu kutoka mashariki, na unyevu unavuka. Asubuhi anga ni safi, alasiri mawingu yanasimama, radi, mvua ya mawe, kisha usiku kweupe. Kuanzia mwezi wa tano pepo zinageuka na kuvuma kutoka magharibi, kavu kabisa. Nasi kwetu mwezi wa tano pepo za kusini-mashariki zinafunga mvua. Saa ni moja, kiasi ndicho tofauti. Lubumbashi inapata karibu milimita 1,200 kwa mwaka. Kando ya Titicaca ni 700 au 800. Uyuni haifiki 200, na pembe ya kusini-magharibi, eneo la Lípez, inapata 100 au chini ya hapo. Miaka ya El Niño mara nyingi pepo za magharibi zinazidi nguvu hata wakati wa mvua, na Altiplano inakauka zaidi.

Kwa hiyo usimwache mwanafunzi aseme "Altiplano ni jangwa". Kaskazini panalimwa viazi, shayiri, hata mahindi katika ghuba za Titicaca ambako maji ya ziwa yanapunguza jalidi. Katikati ni majani magumu ya ichu na vichaka vya thola, malisho ya llama na alpaca. Kusini ni chumvi na mchanga, na kwinoa inayokomaa kwenye udongo ambao mahindi yetu yasingeota.

Ushahidi mzuri kwamba baridi na ukavu ni vitu viwili uko milimani. Rwenzori, mpakani mwetu na Uganda, ina mita 5,109 na bado ina barafu ya kudumu, ingawa inapungua. Licancabur, volkano iliyo kusini kabisa mwa Altiplano, ina mita 5,916, tena iko mbali zaidi na ikweta, na haina mto wa barafu hata mmoja. Baridi ipo ya kutosha, theluji ndiyo haipo. Kwenye miteremko ya Sajama, miti ya keñua, aina ya Polylepis, inakua mpaka karibu mita 5,200, na hakuna mahali pengine duniani ambapo miti inafika juu hivyo.

Sasa maji, na hapa ukae na darasa muda mrefu. Rudi kwenye namba tatu za ubaoni.

Ukimwaga ndoo ya maji Lubumbashi, yakafika mto Lubumbashi, yataingia Kafubu, kisha Luapula, Ziwa Mweru, Luvua, Lualaba, na mwishowe bahari ya Atlantiki pale Moanda. Njiani yanabeba chumvi kidogo iliyoyeyuka kwenye mawe, kama maji yote ya mito, na yanaitupa baharini. Miaka mamilioni miamba yetu imeoshwa na mizigo ikapelekwa. Ndoo ikimwagwa Oruro haina mahali pa kwenda. Sehemu kubwa ya Altiplano ni bonde lililofungwa, na tone linaloingia linatoka kwa njia moja tu, kuwa mvuke. Mvuke hauondoki na chumvi.

Fuata maji hayo hatua kwa hatua. Titicaca lina eneo la kilomita za mraba 8,300 hivi na kina kinachofika mita 280. Linapokea mvua na mito, na zaidi ya asilimia 90 ya maji yake yanatoka kwa kuvukizwa na jua na upepo. Kinachobaki kinatoka kwa mto Desaguadero. Kwa sababu mto huo unaondoa kidogo, Titicaca halikugeuka ziwa la chumvi. Lina gramu moja hivi ya chumvi kwa lita, mtu anaweza kuyanywa na mazao yakamwagiliwa. Desaguadero unateremka taratibu sana kusini, unakauka njiani kidogo kidogo, unaongezewa chumvi za udongo, na kuingia Poopó. Hapo maji yana makumi ya gramu kwa lita. Miaka ya mvua kubwa sana, Poopó likijaa, linamwagikia kwenye jangwa la chumvi la Coipasa. Uyuni, iliyo chini kuliko zote, inapata maji yake hasa kutoka mto Río Grande de Lípez wa kusini na mvua, na maji yaliyo ndani ya ganda lake la chumvi yana zaidi ya gramu 300 kwa lita. Gramu 1, makumi, 300. Ramani ya chumvi ni ramani ya mteremko.

Kisa cha Poopó kinaonyesha jinsi mfumo huu usivyo na akiba. Ziwa hilo lilikuwa pana sana lakini kina chake kwa kawaida hakikuzidi mita 3. Mahali ambapo uvukizi unakula zaidi ya mita moja kwa mwaka, miaka miwili bila Desaguadero inatosha kulimaliza. Mwezi wa kumi na mbili 2015 serikali ya Bolivia ililitangaza kuwa limekauka. Ukame wa El Niño ulikuwepo, pamoja na joto linaloongezeka, maji yanayochotwa juu kwa umwagiliaji na migodi, na tope linaloziba mkondo. Miaka ya mvua linarudi kiasi, halafu linakwenda tena. Anayetafuta mkosaji mmoja katika habari hiyo anapoteza muda.

Uyuni yenyewe ina zaidi ya kilomita za mraba 10,000. Wakati wa hali ya hewa ya baridi na mvua zaidi, takriban miaka 15,000 iliyopita, ziwa kubwa ambalo wanajiolojia wanaliita Tauca lilifunika Uyuni na Coipasa kwa kina kilichozidi mita 100. Lilipokauka liliacha chumvi. Wengi husema chumvi hiyo ni bahari iliyoinuliwa pamoja na milima. Si kweli. Imetoka kwenye miamba ya volkano na tabaka za chumvi za zamani zaidi ndani ya bonde lile lile, zikayeyushwa na kukaushwa upya mara nyingi. Kila majira ya mvua uso unafunikwa na maji ya sentimita chache, matuta yanayeyuka, mashimo yanajazwa, na yakikauka uso unakuwa umesawazishwa tena. Tofauti ya kimo kutoka ukingo hadi ukingo haifiki mita moja, na setilaiti zinazopima kimo cha bahari na barafu zinasahihishwa kwa kuipima Uyuni. Maumbo ya pembe nyingi, yenye upana wa mita moja au mbili, unayoyaona kwenye picha yanachorwa na maji mazito ya chumvi yanayozama na mepesi yanayopanda chini ya ganda.

Kwa mji wa madini kama wetu, eleza na hili. Maji ya chumvi yanapokauka, kila kitu hakitoki kwa wakati mmoja. Kwanza inatoka chokaa, kisha jasi, kisha chumvi ya kula. Magnesiamu, potasiamu na lithiamu zinabaki kwenye maji machungu ya mwisho. Kwa hiyo lithiamu ya Uyuni haiko kwenye ganda jeupe linalopigwa picha, iko kwenye majimaji yaliyo ndani na chini yake, tena imechanganyika na magnesiamu nyingi, karibu mara 20 ya lithiamu, na kuzitenganisha ni gharama. Mabwawa ya kukausha nayo yanasumbuliwa na mvua za mwezi wa kwanza. Lithiamu ya Manono, hapa kwetu Kongo, iko ndani ya jiwe gumu, spodumeni, inachimbwa na kusagwa. Madini ni yale yale, jiografia mbili tofauti kabisa.

Kundelungu sasa. Mwanafunzi yule ameuliza swali bora kuliko kitabu. Uwanda wa Kundelungu una karibu mita 1,700. Uuinue kwa fikra mpaka 4,000, wastani wa joto utashuka nyuzi 15 ukitumia kanuni, pengine pungufu kwa ile sababu ya jiko. Jalidi itakuwepo usiku wa kiangazi. Lakini upande wa kaskazini hakuna ukuta wa mita 6,000 kati yake na unyevu wa bonde la Kongo, kwa hiyo kingo zake zingepigwa na mvua nyingi kuliko sasa. Na mto Lofoi ungeendelea kuporomoka, kwa maporomoko marefu kuliko yale ya leo yanayozidi mita 300, kuelekea Lufira na Lualaba. Chumvi isingekaa. Tungepata majani ya mashungi na tope la baridi, karibu zaidi na Rwenzori ya juu kuliko Uyuni. Ili ipatikane Altiplano ingebidi uweke na safu mbili za milima pembeni, ufunge mito yote, na uulete mkondo wa Humboldt hadi Kolwezi.

Kwa kazi ya darasani nashauri vitu viwili. Cha kwanza ni mchoro wa mkato kutoka Arica, pwani ya Chile, hadi Villa Tunari katika Chapare. Mlalo, sentimita 1 iwe kilomita 50. Wima, sentimita 1 iwe mita 1,000. Arica iko 0. Kwenye sentimita 3 weka Sajama, 6.5 juu. Kutoka hapo shuka hadi 3.7 na uende sawa mpaka Oruro, karibu sentimita 6.8. Kwenye 8.3 panda hadi 5, hapo ni mlima Tunari, kisha shuka ghafla mpaka 0.3 kwenye 10.4, Villa Tunari. Chini yake, kwa vipimo vile vile, chora Lubumbashi 1.2, Kundelungu 1.7, bonde la Luapula 0.9. Waambie mapema kwamba wima umekuzwa mara 50, la sivyo watadhani Sajama ni sindano.

Cha pili ni mabeseni mawili ya plastiki yanayofanana, moja lina tundu dogo chini pembeni. Yeyusha vijiko vitatu vya chumvi katika lita 3 za maji na ugawe sawa. Kila asubuhi ongeza kikombe kimoja cha maji yenye chumvi kidogo katika kila beseni, kwa wiki mbili, juani. Lisilo na tundu litabaki na ganda, na lenye tundu halitabaki na kitu zaidi ya madoa. Fanya mwezi wa nane au wa tisa, maana mwezi wa kwanza mvua ya Lubumbashi itaharibu kila kitu. Kina cha maji kisizidi sentimita 2, vinginevyo hayatakauka kabla darasa halijachoka. Tundu likiwa chini kabisa katikati, maji yatatoka yote kwa dakika chache na hutapata mto, utapata ndoo iliyotoboka. Litoboe ubavuni, nusu sentimita juu ya sakafu ya beseni, na uliinamishe kidogo upande huo. Na usiwaache wakoroge: ganda linaanzia pembeni, na ukilivunja kila siku hawataona pete zinazoonyesha maji yalikuwa wapi jana.